Ardhi Tupu

Bati lilikuwa likilia. Ta. Kimya. Ta-ta. Jua lilikuwa limezama, umeme umekatika, na paa lililoungua mchana kutwa lilikuwa likipoa na kujinyoosha gizani kama mzee anayeshuka kitandani. Aliyezoea kulala chini ya bati hashtuki kwa mlio huo. Lakini jioni ile Mama Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta imefungwa mapajani, na kila bati lilipolia yeye aliuma meno.

Mama mkwe wake alitokea mlangoni na mshumaa.

"Mbona umenuna gizani kama mtu aliyedhulumiwa?"

"Nimedhulumiwa, mama."

"Na nani?"

"Na ramani."

Mama mkwe akacheka, akautua mshumaa juu ya meza. "Ramani nayo ina mikono siku hizi? Haya, nieleze. Lakini taratibu, maana mjukuu wangu ndiyo kwanza amenyamaza."

Mjukuu ndiye Chiriku mwenyewe, binti wa miaka minne aliyepewa jina hilo na majirani kwa sababu mdomo wake ulifunguka asubuhi pamoja na macho na ukafungwa pamoja nayo usiku. Baba yake alikuwa dereva wa malori, wiki moja nyumbani, tatu barabarani. Mama yake mchana alikaa mapokezi kwenye zahanati, na jioni alipanda kilima kwenda chuoni kusomea shahada ya pili: kuchora ramani kwa kompyuta na kuisoma ardhi kutoka kwenye picha zinazopigwa na setilaiti. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu atetee kazi yake mbele ya jopo.

Kazi yenyewe ilikuwa ramani ya jiji zima: wapi pana nyumba, wapi pana miti, wapi maji, wapi ardhi tupu. Kompyuta haijui tofauti hizo mpaka ifundishwe. Unaiwekea alama kwenye picha, hapa mti, hapa maji, hapa nyumba, halafu yenyewe inaendelea na mji uliobaki. Mara ya kwanza Mama Chiriku aliifundisha kama walivyofanya wenzake wote, akiwa amekaa kwenye kiti cha maabara, kiyoyozi kinampuliza kisogoni. Na alipotaka kujua imeelewa kiasi gani, aliipima kwa alama nyingine alizozichagua kwenye kiti hicho hicho, kwa macho hayo hayo. Ikapata asilimia tisini na moja. Profesa akampa mkono mbele ya darasa.

Kisha akateremka kwa miguu kwenda kuhakiki, kifaa cha kusomea mahali, chenye ramani yake ndani, kikiwa mkononi. Alihakiki miti, akahakiki barabara, akaingia bondeni kwao, akafika kwenye mlango wa nyumba hii. Kifaa kikamwambia amesimama kwenye ardhi tupu. Akakitikisa. Kikarudia. Nguo za Chiriku zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, na mama mkwe alikuwa ndani akigombana na redio.

Ndipo akaelewa. Bati jipya likionwa kutoka juu linang'aa, na kompyuta inasema nyumba. Bati lililoshika kutu linarudisha mwanga sawasawa na udongo mwekundu uliokauka. Aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha mabati alikuwa na nyumba. Wengine wote walikuwa udongo.

Akaanza upya. Akafundisha kompyuta kwa kutembea, uchochoro kwa uchochoro, mtoto mgongoni Jumapili kwa Jumapili. Ramani mpya ilipata asilimia sabini na nne tu, kwa sababu safari hii mtihani haukutungwa na mtahiniwa. Akampelekea Profesa na maelezo yote. Profesa akajibu: asante, nitapitia.

"Basi leo," alimwambia mama mkwe, "nimeingia maabara nimeikuta ramani imechapishwa, imebandikwa ukutani, kubwa kama shuka. Ile ya kwanza. Profesa ameshawapa watu wa jiji. Na bondeni kote huku wamechora mistari ya buluu. Wanataka kuchimba bwawa la kukusanya maji ya mvua. Wameandika kabisa: eneo tupu, halina wakazi."

Bati likalia juu yao.

"Kwa hiyo nimezaa watoto watano kwenye udongo mtupu."

"Ndivyo inavyosema."

"Na hiyo mashine iliyosema hivyo, aliyeifundisha ni nani?"

Mama Chiriku aliutazama mshumaa. "Mimi."

"Basi usiniletee machozi, mwanangu," mama mkwe akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Aliyeifundisha uongo na aifundishe ukweli. Mbele za watu."

Asubuhi yake alifika ofisini kwa Profesa kabla ya kwenda kazini. Ilikuwa ofisi nyembamba iliyojaa ramani zilizokunjwa kama mikeka, na Profesa alikuwa akitafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani mwake.

"Karibu, mama. Slaidi ziko tayari?"

"Profesa, ramani iliyoko ukutani siyo niliyokuletea."

"Ni yako. Jina lako lipo pale chini."

"Ni ya kwanza. Sahihi ni ya pili."

"Ya pili ina sabini na nne." Aliipata miwani, akaivaa, akamtazama kwa upole wa mtu anayempa mtoto dawa chungu. "Mhandisi wa jiji atakuwepo kwenye utetezi wako. Nimwambie nini? Kwamba tumesoma zaidi tukawa wajinga zaidi?"

"Mwambie hivyo hivyo. Ile tisini na moja tulijipa wenyewe. Tulitunga mtihani, tukaufanya, tukausahihisha."

"Kila mtu hufanya hivyo, mama. Wenzako wote."

"Ndiyo maana sikulala."

Profesa akapumua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mama Chiriku. Mtu mbaya angekuwa rahisi kumchukia. Huyu ndiye aliyemruhusu kuja darasani na mtoto mwezi ule mtoto alipougua, ndiye aliyemwombea nafasi ya kompyuta.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho tetea. Chukua shahada yako. Ukishaipata, andika makala ya marekebisho, hata mimi nitatia sahihi. Lakini ukisimama mbele ya jopo ukasema ramani ni mbovu, umejichomea nyumba kwa mkono wako."

"Nyumba yangu haimo kwenye ramani, Profesa. Nitachoma nini?"

Akatoka kabla hajajibiwa. Akashuka ngazi mbili mbili. Alikuwa na hasira na Profesa, na jiji, na tisini na moja, na yule mwanamke aliyekaa kwenye kiti chini ya kiyoyozi akabofya bonde zima kuwa udongo huku akinywa chai. Huyo ndiye aliyemkasirisha kuliko wote.

Siku ya utetezi chumba kilikuwa na meza ndefu, wajumbe watatu wa jopo, Profesa pembeni, na nyuma kabisa mhandisi wa jiji na chupa yake ya maji. Mama Chiriku alionyesha ramani ya kwanza. Vichwa vikaitikia. Alipotaja asilimia tisini na moja, mwenyekiti wa jopo aliandika kitu na kutabasamu.

Akabofya. Ukutani ikatokea picha ya nyumba: mlango wa buluu, kamba ya nguo, mtoto akitoa ulimi.

"Hapa ndipo ramani mliyoiona inaposema ni ardhi tupu," akasema. "Aliyetoa ulimi ni binti yangu."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mama Chiriku akaeleza kutu na udongo, akaeleza kiti na miguu, akaonyesha ramani ya pili na sabini na nne yake. Hakumtazama Profesa.

Mhandisi akainua mkono kutoka nyuma. "Samahani, mama. Unasema ramani tuliyopewa ina makosa?"

"Ina makosa. Na makosa ni yangu."

"Nyumba ngapi?"

"Nilizozifikia kwa miguu zinapita mia mbili. Nisizozifikia hakuna anayejua, si mimi, si nyinyi, na mnataka kupachimba." Sauti ilianza kumpanda, akaiacha ipande. "Mtu anaweza kuishi pale maisha yake yote, akafua, akaanika, akazika, halafu mwanafunzi mmoja aliyeona uvivu wa kushuka kilima akamfuta kwa kubofya mara moja. Halafu tukapeana mikono."

"Mama," akasema mjumbe mmoja, "hasira si mbinu ya utafiti."

"Ndiyo maana sikuiweka kwenye sura ya mbinu."

Walimtoa nje wajadiliane. Kwenye korido alisimama akitazama kizimamoto kilichotundikwa ukutani, akayasoma maelekezo yake yote, hakuna alichokumbuka. Walipomwita tena, mwenyekiti alizungumza kwa heshima. Ramani ya pili haijakamilika. Kuna mitaa mingi haijatembelewa. Ya kwanza ameikana mwenyewe. Hakuna cha kupitisha. Akamilishe, atatetea muhula ujao.

Akaitikia kwa kichwa. Muhula mzima. Jumapili nyingine zote zile, na mtoto anazidi kuwa mzito mgongoni. Profesa alikuwa akikusanya karatasi zake na hakuinua uso.

Mhandisi alimkuta kwenye ngazi.

"Kamati inakaa Jumatatu kuidhinisha lile bwawa," akasema. "Sina kingine cha kuwaonyesha ila ramani ile."

"Njoo uone."

"Mimi mtu wa ofisi, mama."

"Hata mimi nilikuwa mtu wa kiti. Kilima hushukwa na wote."

Akamtazama kidogo, kama anayepima kama ametukanwa. "Jumamosi," akasema.

Jumamosi walikuja wawili. Mhandisi alikuwa amemlazimisha Profesa aje ajieleze. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na matope ya bondeni yalikuwa yamewapanda mpaka kwenye vifundo. Mama Chiriku alikwenda kuwapokea juu ya njia na akawaongoza; salamu aliwapa, stahili yao, zaidi ya hapo hakuwa na neno. Majirani walichungulia. Mhandisi alitembea akiwa amekunjua ramani mikononi, akiangalia chini kwenye karatasi, juu kwenye mapaa, chini tena. Kila walipopinda kona alipunguza mwendo. Uchochoro wa tatu akaikunja ramani akaitia kwapani.

Walipofika mlangoni Profesa alisafisha koo. "Kitaalamu, mwanga unaorudishwa na kutu, ukilinganisha na udongo wenye chuma kingi..."

"Profesa," mhandisi akamkatiza, "hebu nyamaza kidogo."

Akatoa simu. "Ndiyo, ni mimi. Litoe bwawa la bondeni kwenye ajenda ya Jumatatu... Hapana, hakuna aliyenitisha. Nimesimama uani kwa mtu."

Mama Chiriku alitaka kufurahi. Badala yake alihisi hasira imemkaa kifuani palepale, nzito, ikikumbuka kwamba ilibidi mtu huyu aje kwa miguu yake ndipo bibi wa watu ahesabike yupo. Kulikuwa na mabonde mengine upande wa pili wa jiji, na huko hakuna mkwe anayesoma jioni. Alianza kuyapanga kichwani: lipi Jumapili hii, lipi ijayo.

Profesa alisogea karibu naye. "Ile ya ukutani nimeibandua," akasema, akitazama kamba ya nguo. "Jana."

"Asante."

"Wiki ijayo nitakupa wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza. Watembee na wewe."

"Waje na viatu vya kazi," akasema Mama Chiriku. Kusamehe hakukuwepo bado, lakini wanne alikuwa anawahitaji.

"Jamani, mbona mnawasimamisha wageni nje?" sauti ya mama mkwe ikatoka ndani. "Karibuni, ingieni."

Profesa akashukuru, akainamisha kichwa kukwepa bati, akanyanyua mguu wake uliojaa matope avuke kizingiti. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, nyuma yake sakafu ikiwa bado inameremeta maji ya deki. Akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Babu, vua viatu kwanza."