Matanga ya Mirihi

Mtu akifia Mirihi, matanga yake yatakaliwa wapi?

Nasambu, mwanafunzi wa fizikia katika mwaka wake wa pili chuoni, alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kila namna. Aliujua umbali wa sayari ile, aliijua baridi yake, na alijua kwa nini mtu hawezi kuvuta pumzi huko bila mtungi wa hewa. Lakini swali hili, lililoulizwa na Shangazi Edinah mbele ya ukoo mzima, uani kwa Mzee Makokha huko Bokoli, lilimkuta mikono mitupu. Watu zaidi ya sitini walimkodolea macho, wengine wakiwa bado na mifupa ya kuku vidoleni.

Na mambo yalikuwa yameanza vizuri ajabu.

Ilikuwa Julai 2009, dunia nzima ikiadhimisha miaka arobaini tangu binadamu akanyage mwezi. Kitale, alikokuwa akiishi Nasambu na baba yake Mukhisa, karani wa ghala la mahindi, Vijay Nanda, muuza televisheni na antena, aligeuza televisheni moja ya dukani mwake ikatazama barabarani, na picha zile za kale zikawa zinarudiwa kutwa. Mafundi baiskeli waliacha magurudumu yakining'inia. Akina mama walitua vikapu vya mboga wakakaza macho.

"Si warudi tena bana! Miaka arobaini wamengoja nini?"

"Pengine walisahau njia."

Nasambu alikuwa akienda kununua sabuni tu, lakini moyo wake haukumruhusu kupita. Alisimama kando ya kioo cha duka akawaeleza kwamba safari haikuisha. Kwamba baada ya mwezi itafuata Mirihi, na kwamba hakuna lililoandikwa popote kuwa mtu wa kwanza kufika huko hatatoka Trans Nzoia. Umati ulipiga makofi. Kesho yake ulirudi mara mbili yake.

"Dada, kesho njoo mapema," Nanda alimnong'oneza akiwa amefurahi. "Ukiongea juu ya nyota, watu wananunua antena."

Wiki hiyohiyo alipata nafasi ya kusomea uhandisi wa vyombo vya anga nchini Urusi. Habari zilimtangulia kufika kwao Bungoma, nazo, kama ilivyo desturi ya habari, zilinenepa njiani. Kufikia Bokoli zilikuwa zimekuwa hivi: binti ya Mukhisa anapelekwa mbinguni na Warusi, na anaruhusiwa mizigo.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo, alipoletwa kuombewa baraka za safari kama ilivyo ada ya ukoo, alimkuta jirani mmoja kutoka kijiji cha Matulo amebeba mfuko wa mbegu za mahindi.

"Mwanangu, nimesikia udongo wa huko ni mwekundu."

"Ni kweli, mzee, lakini..."

"Basi ni kama wa Cheptais! Mahindi yatakubali. Ulize tu kama iko mvua mbili ama moja."

"Mvua hakuna kabisa, mzee."

"Hakuna?" Mzee alifikiri kidogo. "Basi panda mtama."

Walikula, wakaimba, wakamshangilia kila aliposema neno. Nasambu alijawa na furaha iliyomtoa machozi. Alikuwa akiamini tangu utotoni kwamba watu wa kawaida wana kiu ya mambo makuu, ila hawajakaribishwa mezani. Na sasa alikuwa akiliona jambo hilo kwa macho yake, kwao nyumbani. Kwa kuwa aliamini pia kwamba watu wanaokupenda hawastahili kufichwa ukweli, alisimama akasema asilotumwa kusema: kwamba anatumaini siku moja kwenda huko yeye mwenyewe, na kwamba huenda wasafiri wa kwanza wasirudi.

Wimbo ulikatika katikati. Hapo ndipo Shangazi Edinah, dada mkubwa wa baba yake, alipouliza habari za matanga.

"Mwili utaletwa," Mzee Makokha, kaka mkubwa wa Mukhisa na msemaji wa ukoo, aliingilia kati alipoona binti amekwama. "Hata yule wetu aliyefia Mombasa tulimleta. Tunaunda kamati."

"Kamati ya kwenda Milihi?" Edinah alicheka kwa dharau. "Makokha, wewe kamati yako ya juzi ilishindwa kuleta hema kutoka Webuye."

"Hema ilichelewa kwa sababu ya matope!"

"Na huko juu hakuna matope?"

"Hakuna, Shangazi," Nasambu alisema kwa sauti ndogo, akitumaini kusaidia. "Maji yote yameganda."

Wazee waliinamiana, wakabishana kwa Kibukusu na Kiswahili kwa zamu. Hatimaye Edinah mwenyewe ndiye aliyelifungua fundo. Babu yao mdogo alipopotea vitani Burma, alikumbusha, hawakukaa tu wakilia. Walikata mgomba, wakauvika koti lake, wakaulilia usiku kucha na kuuzika kwa heshima zote. Tangu hapo hakumsumbua mtu ndotoni.

"Mgomba!" Makokha alipiga paja. "Si mgomba tuko nao hapa nyuma!"

Uwanja ulilipuka kwa nderemo. Anga za juu, zilizokuwa zimefungwa kwa robo saa, zilifunguliwa tena. Jirani wa Matulo aliukumbatia mfuko wake.

"Ngojeni," Edinah alisema. "Tutauzika wapi?"

Nasambu alikuwa hajaolewa. Binti mtu mzima asiye na mume hana mahali pake katika makaburi ya ukoo. Mahali pake ni kwa watu wa mumewe. Yeye hana mume, kwa hiyo mgomba wake nao hauna kwao.

"Aolewe kwanza," mmoja alishauri. "Kisha hiyo shida itakuwa ya hao wengine."

"Kufikia Desemba tutakuwa tumepata mtu," mwingine aliahidi.

"Kwa nini tusumbuke?" Makokha alinyanyuka, uso umemng'aa kwa hekima. "Si tuko na Ian? Amejenga nyumba yake hapa kwa boma, mahali pake panajulikana. Ukoo upeleke Ian!"

Ian, kaka yake Nasambu, aliyekuwa akilamba sahani karibu na jiko, aliinua kichwa.

"Mimi? Ati mimi? Baba mkubwa, juzi nilipanda paa kugeuza antena, nikakwama huko mpaka majirani wakaleta ngazi mbili!"

"Utazoea."

"Na fizikia nilipata E!"

"Huko unaenda kukaa, hauendi kufanya mtihani."

Vigelegele vikapigwa. Akina mama walimbeba Ian juujuu, naye akaanza kulia kizunguzungu kabla hawajamfikisha mabegani. "Sista, waambie bana!" alipiga kelele. Makokha alikuwa tayari amevua kofia kumwombea.

Nasambu alimtazama baba yake. Bila baraka za Mukhisa hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kufunga safari ndefu, na alizitaka baraka hizo kuliko alivyoitaka nafasi yenyewe. Mukhisa aliitazama mikono yake.

"Mama, keti," alimwambia binti yake taratibu. "Ukoo umenena."

Nasambu akaelewa kwamba hawakuikataa safari, waliipenda mno. Waliyekuwa wakimwondoa humo, kwa upendo uleule, ni yeye. Hakuketi.

"Baba, naomba baraka zako," alisema. "Ukinipa, nitaenda nikiwa na amani. Ukininyima, nitaenda nikiwa na huzuni. Baba mkubwa, mshusheni Ian, atatapika. Shangazi, sitaolewa ili mgomba upate pa kulala; mtauzika mtakapoona panafaa, mimi sitakuwepo kubishana nanyi. Nafasi hii nimeitafuta mwenyewe. Mwezi ujao naenda Urusi kusoma, na anayeenda ni mimi."