Matanga ya Nyakabanda

Novemba 1994 kituo chetu kilikuwa na askari tisa na kazi moja ya kuchosha: kufungua nyumba zilizokuwa zimefungwa tangu mauaji ya Aprili. Huko Nyakabanda, mwenzetu Muhire alifungua moja akakuta maiti sita. Tukawazika uani, tukanawa mikono, tukaandika ripoti. Mimi, Bigirimana, nilikula wali siku hiyohiyo na nikaomba kuongezewa. Basi ndivyo tulivyokuwa.

Muhire hakula. Ikapita wiki, hasemi wala halali, na mchana mmoja nikamkuta chooni na bunduki mdomoni. Nilimnyang'anya, nikamtukana mpaka sauti ikanikauka. Niliogopa mno.

Tukamsaidia kwa akili zetu za kiaskari. Valens alimletea bia. Mimi nikamwambia, "Ndugu yangu, wale si watu wako. Umezaliwa Karagwe, hata majina yao huyajui. Jikaze, bwana!" Ujinga mtupu.

Akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Ndiyo hivyo. Hawana mtu. Nani aliwakalia matanga?"

Kellen wetu wa redio, aliyelelewa Uganda, akaweka kikombe chini. "Mnampa bia ya nini? Huyu amefiwa. Kaeni naye."

Nikacheka. Askari na magwanda yetu tukae matanga ya watu tusiowajua! Lakini bunduki ile sikuweza kumfichia milele. Jumapili baada ya misa tukabeba benchi la kituo hadi ule ua, tukawasha moto, tukakaa naye.

Jirani mmoja, mama Vestine, aliona moshi akaja na kuni na kibuyu cha pombe ya ndizi, kama watu wa huku wanavyokwenda msibani.

"Hapa iko msiba ya nani?" akauliza. "Mfiwa iko wapi?"

Nilitaka kumwambia ni kazi ya serikali, aende zake. Muhire akasimama, akavua kofia.

"Ni mimi, mama."

Vestine hakuuliza undugu. Alimshika mikono yote miwili, akampa pole, akamtajia waliolala pale: Jean-Berchmans, mkewe Kaliza, na watoto mmoja mmoja. Muhire akayarudia majina yote, akilia kwa sauti.

Kisha mama yule akaja kwangu, maana nilikuwa nimekaa wa pili kwenye benchi. "Na wewe, baba? Pole. Unalia nani?"

Nilitaka kusema nimemsindikiza mwenzangu tu. Nikamtaja dada yangu Kamikazi, aliyekuwa ameolewa huko Kabeza, naye hakuna aliyemkalia matanga.