Kidole Gumba cha Kerosi

Ulipita pale, usikatae. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nje ya lango la mahakama, na Bochaberi alikuwa amepanga ndizi zake juu ya gunia. Kando yake alikaa mwanamume mwenye udongo mwekundu mabegani, macho yake yamefunga ukungu kama ya samaki aliyelala juani siku mbili. Ulibonyeza ndizi, ukauliza kama ni tamu, ukaangalia simu. Yule mtu hukumwangalia. Umejizoeza kutoangalia, na ndivyo tulivyofika hapa.

Alikuwa Kerosi, mume wa Bochaberi, aliyezikwa Februari katika shamba la baba yake nje ya Oyugis. Alikuwa amerudi alfajiri hiyo kwa sababu kesi ilikuwa inasikizwa na jina lake lilikuwa kwenye orodha, shahidi wa kwanza. Bochaberi alimtoa udongo masikioni ili asikie vizuri, akampa chai. Kikombe alikishika tu, hakunywa.

"Umekuja kwa miguu, Baba Liz?"

"Sasa ningekuja na nini? Kwani mlinizika na nauli?"

Japheth, mzee wa kanisa la Waadventista, alimpa mkono, akamkumbusha kwa upole kwamba kanisa linafundisha aliyekufa analala mpaka parapanda ilie.

"Hata mimi nilikuwa nimelala, Mzee," Kerosi alisema. "Ni nyinyi mliniandika."

Japheth ndiye aliyetunga ombi lote. Lilisema Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi, pombe inaichukua haki hiyo, kwa hivyo mahakama iipige marufuku kaunti nzima ya Migori na ya Homa Bay, ya chupa na ya mtungi. Bochaberi alitia sahihi kwa sababu pombe ndiyo iliyomfanya mjane. Lakini alikuwa na haja yake moja zaidi. Alitaka Kerosi aseme alikonywea, na iandikwe kwenye faili. Cheti cha kifo kilisema ulevi, kikanyamaza.

Watu wa Suna, hapa Migori, hawasahau haraka. Nyanya zao walikimbia askari wakiwa na vyungu vya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, vichwani. Mwaka 2010 sheria ikageuka, ikasema chang'aa ni halali mradi iwe ndani ya chupa ya kioo na mwenyewe awe na leseni. Suna hakuna mwanamke mwenye kiwanda cha chupa. Basi wajukuu nao wakaendelea kukimbia, na mitungi yao ya plastiki ikaendelea kubebwa hadi stoo ya kituo cha polisi, eti ni vielelezo.

Kerosi alikuwa fundi wa mitungi hiyo. Mtungi ukipasuka alipasha kisu moto, akayeyusha kipande cha plastiki kuukuu juu ya ufa, kisha, kingali moto, akakikandamiza kwa kidole gumba. Mafundi wengine walitumia kijiti. Yeye alisema kijiti hakina akili. Kila kiraka chake kilibaki na alama ya gumba lake.

Ndani ya mahakama karani Omosa alisoma majina, akafika kwa Kerosi, akainua macho.

"Kitambulisho?"

"Kilichukuliwa," Bochaberi alijibu. "Na naibu wa chifu, tulipoenda kutafuta kibali cha mazishi."

"Basi hawezi kuapa, mama. Akae tu."

Jaji, mama wa miwani myembamba, aliandika kwamba marehemu yupo mahakamani na ushahidi wake haupokelewi. Akaagiza feni izimwe, maana udongo ulikuwa unapeperukia mafaili.

Sajenti Okari, mwenye ufunguo wa stoo, akapanda kizimbani. Alileta mitungi mitano yenye nambari, akaipanga sakafuni mbele ya jaji.

"Kila tunachoshika tunamwaga, mheshimiwa. Tunabakisha vielelezo tu. Huu hapa, nambari kumi na moja, tuliushika Agosti iliyopita. Haujafunguliwa tangu siku hiyo."

"Ai yawa!" sauti ilitoka benchi la nyuma. Ilikuwa ya Pauline, mpishi wa chang'aa, aliyeitwa kama mfano wa wavunja sheria. "Huo si ni wangu? Mliuchukua mzima kabisa. Hicho kiraka kimetiwa na nani, afande?"

"Nyamaza, mama," Omosa alisema.

Kerosi alisimama. Aliipapasa migongo ya mabenchi mpaka mbele, akapiga magoti, akaanza kuigusa mitungi mmoja mmoja. Wa nne ulikuwa nambari kumi na moja. Mkono ulishuka hadi pembeni, ukapata kiraka, na gumba likaingia kwenye alama yake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Okari alishika ufunguo uliokuwa kiunoni.

"Huu niliuziba Februari," Kerosi alisema. "Nyuma ya kituo. Afande Okari ndiye aliniita. Mtungi hauzibwi ukiwa na chang'aa, utalipuka nao. Kwa hivyo ulikuwa mtupu. Nilipomaliza akaujaza tena kutoka kwa pipa la bluu la spiriti ya kiwandani, akanipimia glasi mbili, ndiyo malipo. Jioni taa zikawa ndogo. Asubuhi hazikuwapo."

Bochaberi alikuwa anatazama kalamu ya Omosa. Haikusogea.

"Andika," alisema.

"Siwezi kuandika maneno ya mtu ambaye hajaapa, mama."

"Basi niapishe mimi. Mimi nina kitambulisho."

"Hukuwepo," jaji alisema. "Hayo uliyasikia tu."

"Nimeyasikia hapa, mheshimiwa. Saa hii. Hata wewe umeyasikia."

Jaji alifungua ukurasa mwingine. Bochaberi aliona faili linafungwa mbele ya macho yake, na mumewe hana hata mstari mmoja ndani.

"Basi naomba nibadilishe ombi," alisema. "Sitaki tena marufuku. Nataka hiyo stoo ifunguliwe, watu waone."

Japheth alimvuta kanga. "Dada Bochaberi, tumefika mlangoni. Usiharibu kazi ya Mungu."

"Mzee, marufuku anaishika nani? Si ni huyu? Unampa fisi alinde bucha, halafu unamwongezea nyama."

Okari aliinama kidogo kutoka kizimbani, akasema kwa sauti ya kusikiwa na Bochaberi peke yake: "Mama ndizi, pale langoni unauza kwa huruma ya nani?" Bochaberi alikaza kanga kiunoni. Hakukaa.

Jaji alisema ombi halibadilishwi kesi ikiwa imefika hapo. Baada ya chakula cha mchana alisoma hukumu. Katiba inalinda uhai. Pombe inauondoa. Kuanzia Ijumaa pombe yote ni marufuku katika kaunti zote mbili, na polisi watasimamia amri hiyo na kutunza vielelezo. Japheth alilia kwa furaha. Pauline alikuja akamshika Bochaberi mkono. "Hongera, Mama Liz. Umeshinda," alisema, na hakuwa anamkejeli, na hapo ndipo palipochoma.

Ijumaa baa zilifungwa. Jumapili kulikuwa na foleni ya wanywaji kwenye dirisha la nyuma la stoo. Okari aliomba stoo ya pili, akapewa. Kufikia Juni wafu waliokuwa wakija mahakamani kila kesi ya pombe ilipotajwa walikuwa tisa, wote wana ukungu machoni, wote hawana vitambulisho. Omosa aliwatandikia turubai kwenye benchi la kushoto na kubandika karatasi yenye neno MAREHEMU. Wanaoingia huwapa pole, kisha hukaa kulia. Jaji huandika kwamba wapo.

Kerosi hakurudi Oyugis. Anaziba mitungi ya maji ya akina mama kando ya gunia la ndizi. Plastiki haimuunguzi tena, na wateja wanasema sasa kazi yake ni safi kuliko zamani. Bochaberi huenda kwa Omosa kila wiki kuuliza kama kuna lililoandikwa. Omosa hufungua faili, humwonyesha. Hakuna.

Mtungi nambari kumi na moja ungali ndani ya stoo. Jumatano hii, saa nne asubuhi, vielelezo vyote vya zamani vitateketezwa nyuma ya kituo kwa amri ya korti, na kiraka chenye alama ya gumba la Kerosi kitayeyuka pamoja navyo. Leo ni Jumatatu. Usiniambie utamwombea Bochaberi. Ita majirani, nendeni kesho mchana kweupe, simameni mbele ya ule mlango, mdai Okari aufungue mkiwa mnatazama, na msiondoke mpaka mtungi ule uwe mikononi mwenu. Anza sasa.