Kahawa ya Mpangaji

Harrison aliiweka finjani chini kwenye zulia ikiwa imejaa vilevile, akakunja mikono mapajani, namna alivyofundishwa kwao Kisii kwamba mtu aliyekwenda kuomba akae. Mzee Humaid, mwenye nyumba wake, alikuwa akisimulia treni za Tabora alizozipanda utotoni. Hapo aliikata hadithi katikati. Mwanawe Yaarub, aliyekuwa amesimama na dele la kahawa mkononi, akaganda palepale. Wote wawili wakawa wanaitazama ile finjani. Harrison naye akaitazama, asione kitu ndani yake ila kahawa.

Alihisi amekosea, ila hakujua wapi. Viatu alivua mlangoni. Salamu alitoa kwa mkono wa kulia. Labda ni soksi, alifikiri, maana moja ilikuwa imetoboka kidoleni.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika duka la dobi pale Darsait, mjini Muscat, na miaka yote aliyokaa huko Waomani aliwajua zaidi kwa kola zao kuliko kwa nyuso. Hata kanzu aliyoivaa Yaarub sasa aliinyoosha yeye mwenyewe juzi, na kishada chake cha shingoni alikipitisha mvuke kwa uangalifu kisije kikasinyaa. Ungedhani mtu unayemnyooshea kanzu hakutishi. Lakini Yaarub alimtisha, kwa sababu ndiye aliyempigia simu kumwambia kwamba mkataba wa fleti ukiisha mwisho wa mwezi hautaongezwa. Jengo zima litapangishwa kampuni. Na bila mkataba hakuna viza ya familia. Huko Kisii, Ann, mkewe, alikuwa ameshaacha kazi ya kufundisha chekechea na kuwaaga majirani. Binti yao alikuwa akilala na pasipoti chini ya mto. Ndiyo maana Harrison akamruka kijana na kuja mtaa wa Qurum kumwona baba mtu.

"Kunywa, mwanangu," Mzee Humaid alisema kwa sauti ya chini. "Ulilolijia umelipata."

Harrison hakuelewa. Alikuwa hajasema lolote, na hotuba aliyoipanga tangu asubuhi bado ilikuwa nzima kifuani.

"Baba, hujamuuliza anataka nini," Yaarub alisema.

"Haulizwi. Nshasema."

"Asante sana, mzee," Harrison alisema, na kwa kuwa hakutaka kuanza na uongo, akaongeza: "Lakini hiyo kahawa, pole, mimi huwa siinywi. Sisi ni watu wa Sabato, kanisa limetukataza. Hata mamangu hajawahi kuionja."

Yaarub akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe. Bwana Harrison, unajua ulichofanya? Kwetu mgeni akiiweka finjani chini asiinywe, ana haja nzito. Watu huja hivyo kuposa, au kuombea msamaha wa damu. Mwenye nyumba akimwambia kunywa, kashamkubalia. Sasa baba kakukubalia, na wewe huna haja, una dini tu."

"Haja anayo," mzee alisema. "Mtu hatoki Darsait na jua hili kuja kunitazama ndevu. Sema, mwanangu."

Hotuba ikampotea yote. "Nataka tu kuongezewa mkataba, mzee," alisema. "Miaka miwili. Bibi yangu na mtoto wanakuja, na kama sina nyumba hawawezi kuingia."

Mzee alishusha pumzi. Ni wazi alikuwa ameogopa jambo kubwa zaidi, na sasa aliona raha. Kisha akaitazama tena finjani, na uso ukamkunjamana.

"Nimekupa," alisema. "Lakini nimekupa juu ya kahawa. Ukinywa, limefungika, hata Yaarub hawezi kulifungua. Usiponywa, mimi sijui. Wallahi sijui. Halijapata kunifika hili." Akafikiri kidogo. "Chai jee?"

"Hata chai sinywi, mzee."

"Hata chai," mzee alirudia, kwa huruma ya kweli.

"Basi hakunywa, hapana neno," Yaarub alisema. "Na mimi kampuni nshaipa ahadi."

"Na yangu mimi si ahadi?"

Wakaanza kubishana kwa Kiarabu. Harrison alikaa katikati yao asijue kama amepewa nyumba au amenyimwa. Alimkumbuka Ann siku ya ubatizo wao, akitoka mtoni nguo zimemganda mwilini, anatetemeka na huku anacheka. Waliapa pamoja siku ile: pombe, tumbaku, kahawa. Alijiuliza Mungu angependa lipi zaidi, kiapo kisimame hapa Qurum, au mke na mtoto walale chini ya paa moja na baba yao. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wanasema. Ila Harrison hakukumbuka ni wakati gani alizivua.

Akaichukua finjani akanywa.

Ilikuwa chungu, kisha iliki ikampanda puani, kisha ikampendeza. Hilo ndilo lililomtia aibu hasa, kwamba ilikuwa nzuri.

"Khalas," mzee alisema, uso umemchanua. "Yaarub, Jumapili ofisi zikifunguliwa, nenda nae baladia, kwa watu wa manispaa, mkauandikishe mkataba."

"Haya, baba," Yaarub alisema bila kumtazama yeyote, na Harrison hakuweza kujua kama "haya" ile ilikuwa ya kukubali au ya kumaliza maneno tu.

Alimrudishia Yaarub finjani. Yaarub akaijaza, akampa. Akanywa, akairudisha, ikajazwa tena. Mzee alifurahi, akarudia hadithi yake ya treni. Kwa watu wa Muscat, aliyetosheka huitikisa finjani kidogo anapoirudisha, na mwenye kumimina huacha. Harrison, aliyeikwepa kahawa miaka yote, hakulijua hilo. Alidhani kila finjani inazidi kuufunga mkataba, na kwamba akikataa sasa atakuwa ameufungua kwa mkono wake. Yaarub aliona anavyohangaika, na hakumwambia kitu.

Mkono ukaanza kumtetemeka. Akaubana kwa mkono wa pili, wasije wakamwona mwoga, akainyoosha finjani ikiwa imetulia kabisa, na Yaarub akainamisha dele.