Ndugu Wawili Wasiotanguliana

Winston Kahigi alikuwa na ofisi pale Kayanga, juu ya duka la mabati na misumari, na mlangoni kwake alibandika cheo kilichokaribia kuushinda mlango kwa urefu: Mkurugenzi Mtendaji na Mbunifu Mkuu wa Mifumo. Mfanyakazi wake alikuwa mmoja tu. Huyo mmoja, Mahoro, binti wa kutoka kijiji cha Rugu, mwenye mdomo wake, ndiye aliyeandika programu zote. Winston yeye alihudhuria vikao na kupendeza.

Mfumo uliowaweka mjini ulikuwa wa ushirika mmoja wa kahawa, wenye wakulima wa Karagwe na wa Kyerwa. Kila ghala lilipewa mizani na kishikwambi. Kishikwambi kilipima, kikatoa risiti, na mkulima akatumiwa meseji kwenye simu yake ya tochi kumwambia siku ambayo ghala litapokea kahawa ya kijiji chao. Programu yenyewe ilihifadhiwa mahali pamoja mtandaoni, na Mahoro, kama mafundi wote wa kazi hiyo, aliigawa kwa matawi. Matawi ya pembeni ni ya kujaribia na kurekebishia. Rekebisho likishakaa sawa, linaunganishwa na tawi kubwa, na hilo kubwa ndilo ambalo vishikwambi vyote hulisoma kila vinapowashwa.

Tawi kubwa liliitwa karagwe. Mahoro alilipa jina hilo siku ya kwanza, akiwa amekaa Karagwe, ana njaa, na hakuwaza zaidi ya hapo.

Sasa msomaji wa mbali huenda hajui kwamba Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe mpaka ilipopewa wilaya yake. Miaka imepita, lakini mwambie mtu wa Kyerwa kwamba yuko chini ya Karagwe uone atakavyokutazama. Ndivyo alivyotazama Mwenyekiti Ilyas, mfanyabiashara wa Nkwenda na kiongozi wa wakulima wa upande wa Kyerwa, siku Winston alipopeleka mafunzo kwao na kuwasha projekta.

"Hebu simama hapo hapo," Ilyas alisema. "Hilo neno hapo juu ni la nini?"

"Ni jina la tawi tu, mzee wangu."

"Na kahawa yetu sisi inapita wapi?"

"Humo humo, mzee."

Ilyas aliugeukia ukumbi. "Mmesikia, jamaa zangu? Tumepata wilaya, tumepata halmashauri, tumepata mkuu wa wilaya na gari lake. Kumbe kwenye kompyuta bado tunalala jikoni kwa Karagwe!"

Ukumbi ulichachamaa. Ilyas akatangaza kwamba hakuna kitu chochote kitakachoingizwa kwenye tawi hilo mpaka jina libadilike. Jioni ile ile habari zilifika Karagwe kwa Mwenyekiti Pastory wa wakulima wa huko, aliyewahi kuwa mtendaji wa kata na hajawahi kukubali kwamba aliacha. Pastory akasema jina halibadiliki, maana mtoto hambadilishii baba yake jina. Na mkataba mpya wa Winston ulihitaji sahihi za wote wawili. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, lakini Winston aliona wahenga hawakuwa na mkataba wa miaka mitano.

"Kweli kabisa, mzee," alimwambia Ilyas kwenye simu. "Kweli kabisa, mzee," alimwambia Pastory kwenye simu ya pili.

Mahoro alimsikiliza huku anabangua karanga. "Bosi, kubadilisha jina la tawi ni kazi ya kupenga kamasi. Niambie unataka jina gani, nilibadilishe tukale. La muhimu ni lile kosa la meseji. Nimeshalirekebisha, liko tawi la pembeni. Niunganishe?"

Kosa lenyewe halikuwa dogo. Mfumo ulikuwa ukichanganya vijiji: siku ya hawa inatumwa kwa wale, ya wale inatumwa kwa hawa. Watu walikuwa wakibeba magunia kutoka milimani, wanafika, wanakuta kufuli.

"Usiguse!" Winston alisema. "Ilyas amesema hakuna kuingiza kitu. Hili suala ni nyeti."

"Nyeti kwa nani? Anayebeba gunia ni nani?"

"Mahoro, siasa huijui."

Mmoja wa wabeba magunia alikuwa mama mzazi wa Winston. Kokushubira alilima kahawa Nyabiyonza, na mavuno ya mwaka huo ndiyo aliyoyategemea kulipia matibabu ya goti lake pale hospitali ya Nyakahanga, maana goti lilimsumbua hata kupiga magoti kanisani. Alikuwa ameshaenda ghalani mara mbili kwa meseji za uongo na kurudi na magunia yake. Mara ya pili alimpigia simu mwanawe, na hakuwa na hasira hata kidogo, jambo ambalo lilimuuma Winston zaidi.

"Mwanangu, hiyo mashine yako imechoka?"

"Shikamoo, mama. Hapana, kuna marekebisho. Wewe subiri meseji ijayo. Hiyo itakuwa sahihi."

"Marahaba. Basi nitawaambia na majirani, maana walianza kusema. Nimewaambia, aliyeitengeneza namjua, nimemnyonyesha."

Winston alicheka, akakata simu, akaenda kikaoni. Wiki haikuisha kabla hajaisahau ahadi hiyo.

Kikao kilikuwa cha Kamati ya Jina. Ndiyo, iliundwa kamati, wajumbe nusu huku na nusu kule, na katibu wake ni Winston. Kwanza lilipendekezwa karagwe-kyerwa. Wa Kyerwa wakauliza kwa nini wao wawe mkiani. Wakaambiwa ni mpangilio wa alfabeti. Wakasema hiyo alfabeti nayo ipitiwe upya. Likaja kagera, jina la mto na la mkoa, likaonekana linafaa mpaka mjumbe mmoja alipotaka ifafanuliwe huo mto unapita kwa nani zaidi. Likaja umoja. Umoja lilikataliwa kwa kura sawa kwa sawa. Mahoro alipendekeza kuu, herufi tatu, rahisi kuandika. Wakamwambia jina fupi hivyo linaonyesha dharau. Alipokea posho yake ya kikao kama wengine, na wala hakuona haya.

Msimu ulikuwa unakwenda. Kahawa ilishakauka kwenye maturubai, mawingu ya kwanza yakaanza kujikusanya upande wa Rwanda, na kamati ilikuwa bado inakunywa soda. Hatimaye walipata jina lisilomkera mtu yeyote kwa sababu halikumfurahisha mtu yeyote: ndugu-wawili-wasiotanguliana. Mahoro aliuliza kama wanajua kwamba yeye atakuwa akiliandika hilo kila siku. Hakuna aliyejali.

"Basi tuache na la zamani lisimame kando kwa muda," alisema. "Vishikwambi vya maghalani vinalijua lile la zamani. Mkilifuta ghafla vitapotea."

"Lifutwe," alisema Ilyas. "Mbele ya macho yangu."

"Tutaliangalia hilo," alisema Winston, na maana yake ni kwamba hataliangalia.

Sherehe ilifanyika kwenye ghala lililo karibu na mpaka wa wilaya, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni. Ndiyo, sherehe. Kulikuwa na turubai kubwa la wageni, viti vilivyovishwa vitambaa, kikundi cha ngoma, spika, na mshereheshaji aliyevaa suti ya rangi ya papai. Shughuli za ghala zilisimamishwa siku nzima. Winston alikuwa amevaa koti jipya na kujiona ameiva.

Ndipo watu walipoanza kuja. Walikuja kwa bodaboda, kwa baiskeli, wengine kwa miguu na gunia kichwani, wakitokea njia ya Nyabiyonza. Wakajaa uwanja mzima. Meseji ilikuwa imewafikia alfajiri: leo ndiyo siku yenu.

"Wenyeviti, mmeona!" mshereheshaji alipaza sauti. "Wananchi wamejitokeza kwa maelfu, na mazao yao mkononi, kushuhudia jina!"

Pastory alivimba kwa furaha. Ilyas naye alivimba. Wakulima waliombwa wapange magunia yao kwa mstari pembeni ya kamba, ili picha itoke vizuri, nao wakapanga, kwa sababu walidhani ndiyo foleni ya mizani.

Winston alimwona mama yake katikati ya mstari, amevaa kitenge cha kanisani, amekalia gunia na mguu mmoja ameunyoosha. Alikuwa akiwaonyesha wenzake kwa kidole: yule pale, yule mwenye koti. Winston akakumbuka alichomwahidi kuhusu meseji ijayo. Alimpungia kwa vidole viwili tu, kama anayefukuza inzi.

Ikafika saa ya tendo lenyewe. Mahoro alikuwa ameandika amri kwenye laptopu, ilibaki kubonyeza kitufe. Ukazuka ubishi nani abonyeze. Winston, kwa hekima ya katibu, aliamua wabonyeze wote wawili, kila mmoja kidole kimoja. Ubishi ukahamia kwenye kidole cha nani kiwe juu. Mwisho waliviweka sambamba juu ya kitufe kile kidogo, mabega yakisukumana, na kitufe kikabonyea chenyewe wakati bado wanakohoa. Kwenye ukuta uliomulikwa na projekta neno karagwe likafutika, likatokea jina jipya na urefu wake wote. Ngoma zikalia. Vigelegele vikapigwa hata na wale ambao hawakujua wanashangilia nini.

Ilyas alishika kipaza sauti. Ushindi ulikuwa umemlainisha. "Nsanzimana! Mtunza ghala uko wapi? Fungua ghala! Kahawa ya hawa ndugu zetu iwe ya kwanza kupokelewa chini ya jina jipya!"

Hapo shangwe ilikuwa ya kweli. Kokushubira alisimama, akajifunga kitenge vizuri. Nsanzimana alikimbia, akawasha kishikwambi, akakitazama, akakizima, akakiwasha tena.

"Waitu, mwenyekiti wetu," alisema. "Kinatafuta karagwe."

"Kinatafuta nini?"

"Karagwe. Kinasema hakiioni. Kimegoma."

Pastory hakuweza kujizuia. "Hata mashine inamjua baba yake!"

Ikawa vurugu. Ilyas akasema hiyo ni hujuma. Pastory akasema ni ukweli umejisema. Nsanzimana, maskini, alisimama mlangoni pa ghala na kuonyesha tangazo lililosainiwa na wenyeviti wote wawili: bila risiti ya mashine, gunia halivuki kizingiti. Wizi wa mwaka jana ndio uliolileta, na yeye ana watoto wa kulisha.

Na mvua ikaja. Mvua ya kwanza ya msimu haibishi hodi. Wageni walisogea katikati ya turubai lao. Nje, watu walianza kuvua khanga na makoti kufunika magunia, maana kahawa ya maganda ikishalowa huota ukungu, na ikishaota ukungu hakuna anayeinunua.

"Bosi!" Mahoro alipiga kelele, vidole vikiwa juu ya laptopu. "Nirudishe jina la zamani? Sekunde moja tu, kishikwambi kinafunguka, watu waingize mizigo! Sema tu!"

Neno moja lilitosha. Winston alilijua neno lenyewe. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alimwangalia Ilyas, ambaye alikuwa amekunja uso akimsubiri. Alimwangalia Pastory, ambaye alikuwa ametabasamu akimsubiri. Mikataba ilikuwa mezani, bado haijatiwa sahihi, kalamu juu yake.

"Subiri kidogo," alisema. "Tushauriane kwanza na wazee."

Wazee hawakuwa na nia ya kushauriana. Kila mmoja alitaka kuondoka kwa hasira, na kila mmoja alitaka aonekane anaondoka wa kwanza. Wakatoka turubaini pamoja kuelekea kwenye magari yao, na Winston akanyakua miavuli miwili ya wageni akawafuata, maana mmoja wasingekubali kuingia chini yake wote. Akawa katikati yao, mkono wa kulia umeinuliwa juu ya Kyerwa, wa kushoto juu ya Karagwe, koti jipya likinyeshewa, akisema kweli kabisa mzee, kweli kabisa mzee.

Njiani walikutana na Kokushubira. Alikuwa akiliburuta gunia lake kwenye tope kulipeleka chini ya upenu wa ghala, goti likimkatalia, akivuta kidogo na kupumzika. Gunia lilishabadilika rangi. Winston alisimama. Alifungua mdomo, mikono ikiwa bado juu, akatazama gunia, akatazama miavuli.

Mama yake alimpisha njia yeye na wazee wake.

"Pita tu, mwanangu," alisema. "Naona mikono yako imejaa."