Kiko cha Estill Bandani

Mume wangu Estill alianguka kutoka juu kabisa ya banda la tumbaku siku ya Jumatano, saa nane mchana, tukiwa tumebakiza mzigo wa tela moja tu kuupandisha. Alikuwa ametanua miguu juu ya boriti mbili, kama wanavyosimama wanaume wote wa huku Kentucky wakati wa kutundika burley, tumbaku yetu ya huku, ili ikauke. Jirani yetu Denzil, aliyesimama kwenye boriti za chini yake, akampa ufito wenye mashina sita mabichi ya tumbaku. Boriti ikalia. Mimi nilikuwa chini, juu ya tela, nikamwona anapita mbele ya macho yangu.

Denzil alishuka mbio. Akamfinya miguu, Estill hakuhisi kitu. Akanivuta pembeni.

"Dada Verlie, usimsogeze hata kidogo. Na asilale, unanisikia? Kule vitani nilibeba majeruhi, najua. Wakilala tu, basi. Muongeleshe, mkasirishe, fanya lolote. Namfuata daktari."

"Utachukua muda gani?"

"Saa nzima. Nikikimbiza."

Gari lake likateremka bondeni, nami nikabaki na mtu niliyeishi naye miaka arobaini na moja, nisijue nimwambie nini. Hatukuwa watu wa maongezi sisi. Yeye kazi yake kulalamika, mimi kazi yangu kumjibu. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamshika uso. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho.

"Verlie," akasema, "nipe kiko changu."

"Humu bandani? Si wewe uliyemfukuza mjomba wangu humu kwa sababu ya sigara moja?"

"Mjomba wako mpumbavu, na siku ile tumbaku ilikuwa kavu. Hii mbichi, haiwezi kushika moto. Nipe kiko, mwanamke. Mgongo wangu siusikii."

Nikakitoa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake, pamoja na kifuko cha tumbaku na kiberiti. Ilikuwa tumbaku yetu wenyewe ya mwaka jana, majani ya katikati ya shina, ambayo huyakatakata kwa kisu cha mfukoni baada ya chakula. Haina asali, haina marashi, haina mbwembwe. Miaka yote nilikuwa namgombeza kwa harufu yake kwenye mapazia yangu, na sikuwahi kukijaza kile kiko hata siku moja.

Nikakijaza. Nikamtilia mdomoni, nikawasha. Akavuta mpaka mashavu yakabonyea.

"Umeshindilia mno. Unajaza soseji?"

Nikamwaga, nikajaza upya, nikawasha.

"Sasa imelegea. Ah! Vuta wewe mwenyewe kwanza, ikolee."

Nikavuta. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka kicheko kifupi kilichomuumiza. Nikavuta tena, polepole. Ilikuwa na ladha ya karanga zilizokaangwa na ukoko wa mkate, na nyuma yake kitu kikavu kama hewa ya banda hili mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa nzuri. Nilikasirika kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Miaka yote hii umekula peke yako," nikamwambia.

"Si ulisema inanuka mbuzi?"

"Mbuzi ni wewe. Haya, shika."

Akavuta. Moshi ukapanda kuelekea majani mabichi yaliyoning'inia juu yetu, na uso wake ukalegea, kama ukumbini kwetu jioni yoyote. Nilitamani kumwacha apumzike hivyo hivyo. Macho yakaanza kufumba.

Nikawasha njiti ya kiberiti, nikamsogezea karibu na nyusi.

"Unaniunguza, kichaa wewe!"

Hapo ndipo nilipojua la kufanya. Akinigombeza, yupo. Basi nikafanya kila kitu ovyo kwa makusudi. Nikakitikisa kiko majivu yakamwagikia ndevuni. Nikakijaza tena kwa vijiti vya majani, akasema hata bata angejaza vizuri zaidi. Nikamjibu akaoe bata. Kila tusi lake nililipokea kwa shukrani moyoni, lakini kila moja lilikuja dogo kuliko lililotangulia. Barabarani hakukuwa na vumbi la gari. Ee Mungu, nikasema, mwache tu anitukane.

Nilipotaka kukijaza tena, kifukoni mlikuwa na ungaunga tu, na kwenye kiberiti njiti moja. Nikashindilia kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote, ili anikaripie. Nikawasha. Ikashika kidogo, ikazimika. Nikachungulia ndani ya kiko, ni weusi mtupu.

Estill aliendelea kuvuta. Mashavu yanabonyea, moshi hautoki. Nikangoja.

"Tamu," akasema. "Leo umejaza vizuri kweli, Verlie."

Miaka arobaini na moja hajanisifia mkate, hajanisifia mtoto, hajanisifia gauni. Nikamshika uso tena.

"Haiwaki, Estill! Imezimika! Niambie imezimika!"

"Tamu," akasema tena, akatabasamu.

"Nimeishindilia kama soseji! Nigombeze! Nigombeze, mzee wewe, mkaidi, mchafu, uliyenijazia majivu kwenye kila shuka!"

"Asante," akasema.

Gari la Denzil likasikika likipanda kilima. Nikamtukana kwa kila neno ninalolijua, na mengine nisiyoyajua, na yeye akanijibu asante, tena asante. Daktari alipoingia mlangoni nilikuwa bado namtukana, na Estill alikuwa ameacha kunijibu.