Sauti ya Kuazima

Kabla kahawa haijaruhusiwa kununuliwa na kila mwenye gari na mzani, Mbaha, pale kandokando ya ziwa, hapakuwa na bibi harusi aliyetoka kwao bila Hedwiga kumwimbia. Watu walimwita Mama Notburga, kwa jina la kitinda mimba wake, na wengine walidhani ndilo alilobatizwa. Alikuwa mjane mfupi, mwenye shingo nene na kiburi kidogo, kile kiburi cha halali cha mtu anayejua kwamba pasipo yeye shughuli haiendi.

Harusi ikikaribia, wanawake wawili wa upande wa binti walifika kwake na ungo wa unga wa muhogo uliofunikwa kitambaa, na kuku kwapani. Walisema, "Tumekuja kuazima sauti." Naye ilimpasa kukataa kwanza: sauti ina mafua, sauti imezeeka, nendeni kwa wenye vifua vyao. Basi wageni wakakaa mkekani na maneno yakaanza. Nani kazaa, nani kaachika, dagaa usipa wameadimika, padri mpya anakohoa katikati ya mahubiri. Jua likielekea ziwani, Hedwiga aliupokea ungo, na hapo ndipo ilipohesabiwa kwamba amekubali.

Mazungumzo yale hayakuwa umbeya mtupu, ingawa umbeya haukukosekana. Wimbo wa kumuaga bibi harusi ulikuwa na kiitikio kimoja tu kisichobadilika. Ubeti wa majina ulitungwa upya kila mara: jina la binti, la mama yake, la bibi zake waliokwisha kuzikwa. Pale mkekani ndipo Hedwiga alipoyaokota. Na mwiko ulikuwa mmoja: mwimbaji haendi bila kufuatwa. Akijipeleka, watu husema amefuata pilau.

Siku alipoolewa Notburga mwenyewe, hakukuwa na wa kumfuata. Alikuwa mwimbaji na mama wa bibi harusi kwa pamoja. Mkwe alikuwa dereva, na safari ilikuwa ya Tunduru. Hedwiga aliimba vizuri mpaka kwenye ubeti wa majina. Alipotaja "Notburga" sauti ilianza kuyumba, na mwisho wa ubeti ikakatika, akalia waziwazi, kisha akameza machozi na kuendelea. Alikuwa anajiona jioni ile amebaki na nyumba ya vyumba vitatu na paka.

Egidi, mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike, alikuwa pale na redio kaseti mpya, akarekodi wimbo wote. Alisema ni ukumbusho wa familia. Egidi hakuwa mwongo; siku ile ilikuwa ukumbusho kweli.

Lakini Egidi alikuwa na kibanda Mbinga mjini, karibu na stendi, alikouza betri na kanda na kutengeneza redio. Wanunuzi binafsi walipoanza kugombea kahawa, wanaume wa milimani walishuka na fedha mkononi, na kila aliyeuza magunia yake alitaka kurudi na redio begani. Redio bila kanda ni sanduku tu. Egidi akawawekea wimbo wa mama yake mkubwa wausikie, nao wakasimama. Ilipofika pale sauti inapokatika, mzee mmoja wa Litembo alisema, "Hapo, rudisha hapo." Egidi akarudisha. Kuanzia siku hiyo akawa anadabu kutwa, kanda moja ikizaa nyingine, na walionunua kwake wakawadabia ndugu zao, na ndugu wakawadabia majirani. Haukupita muda mrefu, mabibi harusi wa milimani na wa ziwani wakawa wanaagwa na mwanamke yuleyule anayelia palepale. Ubeti wa majina ukifika, wageni walipaza sauti kulitaja jina la bibi harusi wao ili kulifunika la Notburga, na mchezo ukaendelea.

Hedwiga mwanzoni alijifariji kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Haikupasuka. Aliendelea kufagia uwanja asubuhi na kukung'uta mkeka, na mkeka ulikaa safi kwa kukosa wa kuukalia. Ungo haukuja. Alipojikuta anamsimulia paka habari za padri, alijionea huruma, akamfukuza paka.

Egidi alipokuja kumsalimia alileta sukari na doti ya khanga. Ilikuwa khanga nzuri. Tusimnyime haki yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Leo umekuja kuazima nini?"

Egidi alicheka, lakini alielewa. "Mama mkubwa, unajulikana mpaka Mpepai. Watu hawajawahi kukuona na wanakupenda."

"Wanapajua kwangu?"

"Watapajuaje?"

"Basi hao hawanipendi mimi."

"Sasa nimekukosea nini?" Egidi alivuta kigoda karibu. "Kuku ukimla ameisha. Sauti haiishi. Wilaya nzima ikiichukua, wewe unabaki nayo ileile. Kama unataka chochote kwa ajili ya kanda, sema, nitaleta. Lakini usiniite mwizi."

Hedwiga hakuwa na jibu, na kukosa jibu kulimuudhi kuliko kanda zenyewe. Egidi akadhani ameshinda, akahamia kwenye kilio chake mwenyewe.

"Wezi ni wale vijana wa Mpepai. Wananunua kanda moja kwangu, halafu wanadabu wao kwa wao. Kanda tupu nimenunua mimi, betri zangu, usingizi wangu, wanakula wao! Hivi watu wale hawana dini?"

Hedwiga alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Alicheka peke yake, maana Egidi hakuona la kuchekesha. Egidi alipokwisha kupanda gari la kurudi Mbinga ndipo jibu likamjia mama yake mkubwa, kama ilivyo desturi ya majibu mazuri kuchelewa: sauti inabaki kweli, ila haimleti mtu. Akalisema kwa sauti, na hakukuwa na wa kulisikia.

Baada ya mavuno likatangazwa kanisani tangazo la ndoa ya Tadea, binti wa Beata. Hedwiga akaanza kungoja ungo. Wengine wote waweza kumsahau, lakini si Beata. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la muhogo. Tadea alilelewa mgongoni kwa Hedwiga wakati Beata amelazwa hospitali ya Litembo, na Gertruda, mama yake Beata, ndiye aliyemfundisha Hedwiga kuimba. Ubeti wa Tadea haukuhitaji mazungumzo ya mkekani. Majina yote alikuwa nayo. Aliutunga akipalilia, akaurekebisha akichota maji. Akanunua majani ya chai kwa ajili ya wanawake wawili watakaokuja.

Walipokutana kisimani, Beata alizungumza habari za mchele, za turubai, za mkwe anayetoka milimani. Ya sauti hakuyagusa. Hedwiga alisubiri, kwa sababu mwimbaji haombi. Akasubiri mpaka siku ya harusi yenyewe, akiwa amekwisha kuoga na kuvaa, anachambua mboga asizokuwa na haja nazo. Kutoka ng'ambo ya muhogo akajisikia anaimba.

Aliona aibu, kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mwingine barabarani. Halafu aibu ikaondoka na upweke ukabaki. Alitaka watu. Hakutaka khanga wala sukari wala sifa za Mpepai. Alitaka mtu aje mlangoni aseme neno. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo aliijua tangu utoto, na siku hiyo akaivunja. Akaacha mboga, akapita katikati ya muhogo, akajipeleka.

Wala hawakumsimanga. Walimpigia vigelegele, "Mwenye wimbo huyo!" wakamtafutia kiti cha heshima, wakakiweka karibu kabisa na redio, wakampa soda. Vijana walimwonyesha kwa kidole, kisha wakaionyesha redio, wakafurahi. Hakuna aliyemwambia aimbe. Angeimba nini, na tayari alikuwa anaimba?

Tadea alikuwa amekaa mkekani, amefunikwa khanga, ameinamisha kichwa. Ubeti wa majina ukakaribia. Redio ikasema "Notburga", wageni wakapaza "Tadea!" wakacheka. Hedwiga alisimama. Hakupanga, miguu ilisimama yenyewe. Akaimba juu ya redio, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi: Tadea wa Beata, Beata wa Gertruda, Gertruda aliyeimba kabla yetu.

Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu wa milimani mwenye adabu zake, akamgusa mkono.

"Samahani, mama. Tulia kidogo tusikie. Unakaribia pale unapolia."

Hedwiga akanyamaza. Redio ikalia kwa niaba yake, na uwanja mzima ukatoa vigelegele. Chini ya khanga Tadea aliinua kichwa, akimtafuta aliyemtaja bibi yake, lakini shangazi akakishusha kwa mkono, maana bibi harusi haangazi macho.

Beata alikuja anatokwa jasho, ana furaha ya siku moja maishani, akamkumbatia.

"Dada, nimefurahi umekuja."

"Hukunifuata, Beata."

Beata alishangaa kwa dhati. Hapakuwa na hila hata chembe usoni pake.

"Tukufuate wapi tena, dada? Si uko hapa na sisi tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi nilikuwa nyumbani," alisema Hedwiga. "Nilikuwa nyumbani peke yangu."

Beata akacheka, akidhani ni utani, akampiga bega, akaenda kuwapokea wageni wa Litembo waliokuwa wanashuka kwenye gari.